Mkata Miti Akiumia: Njia ya Kurudi Kazini

Ndugu msomaji, ukitoka mjini kwa barabara ya Ngong kwenda Karen utaona vitanda, meza na makabati yamepangwa kando ya njia, mengine hayajapakwa hata vanishi. Ukikata kona kwenda Kawangware au Dagoretti utaona mbao zimesimamishwa ukutani, na nguzo za kujengea zikingoja mnunuzi. Kila ubao ule ulikuwa mti, na kila mti ulikatwa na mtu. Bei ya ubao twaijua. Habari za mtu aliyeukata hatuziulizi, hasa habari za baada ya siku ile gogo lilipompata.

Makala hii ni ya mtu huyo. Si habari ya kifo, bali ni ya kupona: mkata miti aliyeumia vibaya katika magharibi ya Nairobi apelekwe wapi, amwone nani, na afanye nini ili arudi kuwa mtu wa kazi. Nayo yakuhusu wewe mkulima kwa sababu mbili. Kwanza, huenda mwenye msumeno ni mwanao au ndugu yako. Pili, huenda mti wenyewe ni wako.

Kabla ya kuendelea, shika neno moja. Kupona kwa mtu wa kazi ni mambo matatu: mwili upone, riziki ipone, na kazi irudi. Hospitali hushughulikia la kwanza. Hayo mawili mengine hayaji yenyewe, na watu wengi hukaa vilema wa mfuko ingawa mguu umekwisha kupona.

MITI YETU NA HATARI YAKE

Miti mingi ya upande huu ni mgeni. Mkaratusi ulitoka Australia, ukapandwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20 wakati reli ilipohitaji kuni za gari-moshi. Mgrevilea pia ulitoka Australia, ukawa kivuli cha kahawa na chai, na leo umesimama mipakani mwa mashamba mengi ya Kikuyu, Uthiru na Dagoretti. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, ukapandwa kando ya barabara na katika viwanja vikubwa vya Lavington na Karen. Miti hiyo sasa mingi ni mirefu na mizito, na mingine imezeeka. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zikija, ardhi hulowa na mizizi hulegea.

Tena, Februari 2018 Serikali ilizuia kukata miti katika misitu ya umma, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 2023 lilipotangazwa kuondolewa. Katika miaka hiyo wenye mbao walizidi kutafuta miti katika mashamba ya watu. Basi kazi ya kukata miti imekuwa kazi ya shamba, tena mara nyingi ni kazi ya watu watatu tu: mwenye mti, mwenye msumeno wa injini ambao sote twauita pawa-soo, na kijana wa kuvuta kamba. Msimamizi hakuna, wala sanduku la dawa hakuna.

Ulimwenguni kote kazi hii huhesabiwa miongoni mwa kazi za hatari kabisa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa mwaka 1998 mwongozo mzima wa usalama kwa watu wa kazi za msitu. Huko Marekani, ambako mashine ni nyingi na mafunzo yapo, wakata miti bado huwa karibu na juu kabisa katika hesabu za watu wanaokufa kazini. Hatari zenyewe zajulikana: tawi kavu lililolegea huko juu, shina linalopasuka na kuruka nyuma, mti uliokwama juu ya mwenzake, gogo linaloviringika mteremkoni, na pawa-soo inayomrukia mtu ncha yake ikigusa kitu kigumu.

Sasa tuchukue mfano, ili tufuate njia moja toka mwanzo hadi mwisho. Tuseme yuko kijana wa miaka 28, ana mke na watoto wawili, naye huajiriwa na mfanyabiashara wa mbao kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Wanakata mkaratusi mteremkoni, karibu na Mto Nairobi upande wa Dagoretti. Mti umeanguka salama. Wakikata matawi, gogo linaviringika na kumvunja mguu wa kushoto chini ya goti. Mfupa umetokeza nje. Kijana huyu hana jina, maana ni wa mfano, lakini jeraha lake ni jeraha linalojulikana sana kwa watu wa kazi hii.

SAA YA KWANZA

Kwanza, zima pawa-soo. Kisha tazama kama gogo laweza kuviringika tena, ulizuie kwa mawe au kabari, ndipo umsogelee mgonjwa. Waokoaji wengi huumia kwa kukimbilia pasipo kutazama.

Damu ndiyo adui wa kwanza. Chukua nguo safi, ukandamize juu ya kidonda kwa nguvu, wala usiinue kila mara kuchungulia. Damu ya mguu au mkono ikikataa kabisa kusimama, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, ukikaze kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa uliyofunga, na usikilegeze mpaka hospitali.

Mfupa uliotokeza usiusukume ndani. Usipake udongo, mafuta, kahawa wala majani. Funika kwa kitambaa safi, kisha ufunge mguu pamoja na mbao mbili nyembamba, au na mguu mzima wa pili, ili usitikisike. Usimpe chakula wala pombe, kwa maana huenda akatiwa dawa ya usingizi na kupasuliwa siku ile ile.

Kama mti ulimpiga mgongoni au shingoni, au kama hasikii miguu yake, usimkunje juu ya pikipiki kati ya watu wawili. Hapo ndipo mtu aliyeumia mgongo huweza kuwa mtu aliyepooza. Mlaze chali juu ya ubao mpana au mlango, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja, mkamwinue watu wanne kwa pamoja. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uulize gari la wagonjwa.

HOSPITALINI

Kwa watu wa magharibi ya jiji, hospitali kubwa ya Serikali ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kando ya barabara ya Ngong, si mbali na katikati ya jiji. Ilianza mwaka 1901 kama hospitali ndogo ya Waafrika, na leo ndiyo hospitali kubwa ya rufani nchini. Kwa wale wa Uthiru, Kinoo na kwendelea mbele, ipo PCEA Kikuyu Hospital, iliyoanzishwa na misheni ya Uskoti mwaka 1908, nayo ina kitengo cha mifupa na cha kurekebisha viungo. Walioumia uti wa mgongo wana hospitali yao ya taifa kwenye barabara ya Lenana, upande wa Hurlingham.

Mfupa uliotoka nje ni jambo la haraka. Mgonjwa huchomwa sindano ya pepopunda, hupewa dawa za kuzuia vijidudu, na kidonda huoshwa vizuri katika chumba cha kupasulia, maana udongo wa shamba ukibaki ndani mfupa utaoza. Kisha mfupa hushikwa kwa vyuma au plasta.

Hapa jamaa wengi huchoka, hasa wakiona mgonjwa amelala siku nyingi akingoja zamu ya kupasuliwa. Wengine humtorosha mgonjwa wampeleke kwa mtu wa kuunga mifupa kijijini. Ndugu msomaji, mfupa uliofungika chini ya ngozi ni jambo moja. Mfupa wenye kidonda ni jambo lingine. Mguu uliofimba ukifungwa kwa vijiti kwa kukazwa mno hukosa damu, ukafa. Wapo waliokatwa mguu ambao ungepona, kwa sababu ya kamba tu. Ukiona vidole vimekuwa baridi, vyeusi au havisikii, hata kama plasta ni ya hospitali, mrudishe mgonjwa siku ile ile, usingoje tarehe ya kadi.

MIEZI YA KUNGOJA

Mfupa wa muundi wa mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, na wenye kidonda huweza kuzidi hapo. Mkulima hapaswi kushangaa. Mahindi ya nyanda za juu nayo hukaa shambani miezi mingi, wala hakuna ayavutaye kwa mkono yakue upesi.

Lakini kungoja si kulala tu. Mtaalamu wa viungo atamwonyesha mgonjwa mazoezi: kukaza paja, kunyosha goti, kusogeza vidole, kuinua mwili kwa mikono. Mazoezi haya yafanywe kila siku nyumbani, mara kadhaa kwa siku. Goti lisilonyoshwa hukauka, na mguu ulioponeshwa kwa gharama kubwa hubaki umepinda.

Chakula nacho ni dawa. Mfupa hujengwa kwa maharagwe, mayai, maziwa, omena na mboga za majani, vitu ambavyo mkulima anavyo au aweza kuvipata. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, basi iachwe. Mke au mama asimpikie mgonjwa uji mtupu kwa miezi 4 akadhani anamhurumia.

Tena liko jeraha lisiloonekana. Mtu aliyepigwa na mti aweza kuamka usiku akipiga kelele, au akatetemeka akisikia pawa-soo ya jirani. Aweza kunyamaza, akakasirika upesi, akaanza kunywa. Huo si woga wala si uchawi. Moyo nao ulipigwa siku ile. Amweleze daktari au muuguzi, na jamaa wamsikilize pasipo kumcheka. Mwanamume aliyekuwa akileta unga nyumbani, na sasa analetewa, ana mzigo mzito kuliko plasta.

KAMA MGUU UMEKATWA

Hapa njia yagawanyika. Tuseme madaktari walijitahidi, lakini mguu wa kijana wetu haukuweza kuokolewa, ukakatwa chini ya goti. Watu husema, "Amekwisha." Sivyo.

Wiki za kwanza kazi ni kutunza kigutu. Hufungwa kwa bendeji maalumu ili uvimbe upungue na kipate umbo zuri. Mgonjwa asiweke mto chini ya goti, ingawa huona raha, kwa maana goti litazoea kukunjika na mguu bandia hautafaa. Ataweza kusikia kidole ambacho hakipo kikiwasha au kuuma. Jambo hilo ni la kawaida, latokana na mishipa ya fahamu, na dawa yake ipo. Kidonda kikipona na kigutu kikitulia, huwa ni wiki kadhaa na mara nyingine miezi, ndipo hupimwa mguu bandia.

Habari ya mguu bandia wa mkulima ina historia nzuri. Katika mji wa Jaipur, India, mnamo mwaka 1968, fundi mmoja aitwaye Ram Chandra Sharma, ambaye hakusoma sana shuleni, alifanya kazi pamoja na Dkt. P. K. Sethi, daktari wa mifupa. Waliona kwamba miguu bandia iliyotoka Ulaya ilihitaji kiatu, iliharibika kwa maji, wala haikumruhusu mtu kuchuchumaa. Mkulima wa India huingia katika shamba la mpunga lenye maji, huchuchumaa, hutembea bila viatu. Basi wakatengeneza wayo wa mpira na mbao, wenye umbo na rangi ya mguu wa mtu, unaopindika kila upande na usioogopa tope. Mwaka 1981 Dkt. Sethi alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay huko Asia. Mguu huo umeenea katika nchi nyingi, na hapa Nairobi pia watu wengi wameupata. Somo lake kwa mgonjwa ni hili: unapopimwa mguu, mwambie fundi kazi yako na ardhi yako. Mguu wa karani wa ofisini si mguu wa mtu wa mteremko na matope.

Hapa jijini mafundi wa viungo bandia wako Kenyatta na Kikuyu. Pia kiko chama cha APDK, kinachowahudumia wenye ulemavu wa viungo tangu mwaka 1958, nacho kina karakana kwenye barabara ya Waiyaki, upande wa Westlands. Ni chama hicho hicho chenye kazi za mikono za Bombolulu kule Mombasa, zilizoanza mwaka 1969.

Mguu ukishapatikana, utunzwe kama jembe. Kigutu kioshwe kila jioni kwa sabuni na kukaushwa. Soksi yake ifuliwe kila siku. Na kwa kioo kidogo mtu atazame kama pana mchubuko mahali asipopaona. Mchubuko mdogo ukipuuzwa waweza kumrudisha mtu kitandani mwezi mzima. Mguu bandia nao huchakaa na kulegea, basi arudi kwa fundi kabla haujamuumiza.

KARATASI NI SEHEMU YA DAWA

Mimi ni karani, na huenda utasema karani hupenda karatasi. Lakini wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na fidia ya mkata miti ni mali.

Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Kabla yake ilikuwapo sheria ya fidia ya wafanyakazi tangu wakati wa ukoloni. Sheria hii ya 2007 yasema mwajiri lazima awakatie bima wafanyakazi wake, na mfanyakazi akiumia kazini ana haki ya mafao. Si lazima athibitishe kwamba mwajiri alikosea. Kilichopo ni kuonyesha kwamba aliajiriwa, na kwamba aliumia katika kazi hiyo.

Tazama tarehe zake, maana ndizo huwaponyoka watu. Mwajiri akipata habari ya ajali, huwa na siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mtu akifa, habari hutakiwa katika saa 24. Madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Mkurugenzi akishapeleka madai kwa mwajiri au kampuni ya bima, hutakiwa kulipwa katika siku 90. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, na baada ya hapo aweza kwenda kwenye mahakama ya kazi. Afisi kuu ya Mkurugenzi kwa Nairobi iko Industrial Area, kwenye barabara ya Commercial, nawe waweza kufika hapo kutoka katikati ya jiji kwa nauli ndogo.

Wengine huanza kwa wakili na kortini. Jambo hilo lilibishaniwa miaka mingi, hata Desemba 3, 2019 Mahakama ya Juu, iliyo mjini kwenye City Hall Way, ikaamua kwamba sheria ya 2007 ni halali na madai ya namna hii huanzia kwa Mkurugenzi. Kwa hivyo anzia hapo.

Sasa tufanye hesabu kama ya darasani. Sheria huhesabu ulemavu wa kudumu kwa mshahara wa miezi 96. Kijana wetu alilipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akiandika kwamba ulemavu wake ni asilimia 40, basi fidia ni sehemu 40 katika 100 za fedha hizo, yaani shilingi 576,000. Asilimia hiyo nimeiweka kwa ajili ya hesabu tu. Daktari ndiye hupima, akifuata orodha iliyo katika sheria. Mbali na hiyo, kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, kama ni siku 3 au zaidi, hustahili malipo ya mshahara wake, hata kufikia miezi 12. Gharama za matibabu zilizo za haki nazo ni juu ya mwajiri.

Shilingi 576,000 si mguu. Lakini ni tofauti kati ya mtu anayeanza upya na mtu anayeomba. Nazo hupotea kwa jambo dogo: hakuna aliyeandika. Kijana alilipwa mkononi, hakuna daftari, na siku ya kuulizwa mwajiri asema hamjui. Basi tangu siku ya kwanza jamaa waweke pamoja katika bahasha moja: tarehe, saa na mahali pa ajali; majina ya walioona; ujumbe wa malipo ya simu; karatasi zote za hospitali, hata risiti ya dawa ya shilingi 50; na picha za mahali na za jeraha.

Liko shimo moja katika njia hii. Sheria humlinda mtu aliyeajiriwa. Fundi mwenye pawa-soo yake, anayekubaliana bei ya mti mzima kisha anakwenda zake, aweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kujitegemea, akaachwa nje. Huyo na ajikatie bima ya ajali yake mwenyewe, na ajiandikishe katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Kujiandikisha baada ya kuvunjika ni kufunga zizi ng'ombe wamekwisha toka.

KAZI KURUDI

Sasa ni mwezi wa 8 au wa 10. Mwili umepona kadiri utakavyopona. Swali ni moja: afanye nini?

Aliyeungwa mfupa aweza kurudi msituni, lakini kwanza ajipime. Mkata miti huishi kwa hatua zake za kukimbia. Mti ukianza kulia, lazima arudi nyuma kwa upande, upesi, juu ya ardhi yenye visiki. Asiyeweza kufanya hivyo pasipo kuyumba asishike pawa-soo chini ya mti uliosimama, hata akiombwa na rafiki, hata fedha ikiwa nzuri. Aanze na kazi ya mbao zilizolala.

Kwa aliyekatwa mguu, na kwa mwenye mguu mzito, ujuzi wake haukukatwa. Anajua miti. Kwa macho huweza kukadiria mti utatoa mbao ngapi, huijua mbao mbichi na iliyokauka, huweza kunoa mnyororo wa pawa-soo na kutengeneza injini yake. Kunoa ni kazi ya kukaa, na kila mwenye pawa-soo huihitaji. Tena viko vitalu vya miche. Ukipita barabara ya Ngong na ya Waiyaki utaona vikopo na karatasi za miche kando ya njia. Aliyekata miti miaka kumi ajua mbegu ipi hutoa mti ulionyoka, na wateja wake huwa wa upande huu huu. Wengine hufuga nyuki, kuku au sungura kwa fedha ya fidia. Shauri letu ni kwamba fedha ile isigawanywe kwa jamaa wote wiki ya kwanza. Nusu yake na iwe mtaji, kabla haijawa hadithi.

Msaada upo, lakini huja kwa aliyejiandikisha. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye makao kwenye barabara ya Waiyaki, upande wa Westlands, huandikisha watu wenye ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya Serikali, na hupokea maombi ya vifaa vya kutembelea na vya kazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vizuizi. Basi mtu asione haya kuuliza. Anadai haki yake.

WEWE MWENYE MITI

Ndugu mkulima, labda umesoma hadi hapa ukidhani haya ni ya wenye mbao. Lakini siku uliyomwita kijana aje akuangushie migrevilea mitano ukalipe karo, uliita hatari shambani mwako.

Kabla ya kukata, mwone afisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya, yule ambaye baba zetu walimwita Bwana Miti, akupe ruhusa na shauri. Mwulize fundi kama ana kofia ngumu, miwani, viatu imara na mtu wa kumsaidia. Asiye navyo si rahisi, hata akikata bei kwa nusu. Watu wengine wote na wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mdomo wa kuuelekeza mti ukatwe kwanza, kama robo au sehemu ya tano ya unene wa shina, na kwa nyuma ibaki bawaba ya mti isiyokatwa, kama sehemu ya kumi ya unene. Njia ya kukimbilia ifyekwe kabla injini haijawashwa. Mti uliokwama juu ya mwingine usipitiwe chini. Siku ya upepo mkali, kazi ilale. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hii kwa mkata miti si mfano tu.

Na kama ni wewe uliyeajiri, andika jina lake, tarehe na malipo katika daftari lako. Daftari hilo litamlinda yeye, nalo litakulinda wewe.

YA KUKUMBUKA

1. Zima injini, zuia gogo, kisha simamisha damu.
2. Aliyeumia mgongo abebwe juu ya ubao, si juu ya pikipiki.
3. Mfupa wenye kidonda ni wa hospitali, siku ile ile.
4. Goti linyoshwe kila siku. Vidole vikiwa baridi, rudi hospitali.
5. Ajali iarifiwe katika siku 7. Madai yasipite miezi 12.
6. Weka kila karatasi katika bahasha moja.
7. Fedha ya fidia iwe mtaji kwanza.

Kata ukurasa huu uubandike penye kibanda cha mbao, au umpe kijana mwenye pawa-soo mtaani mwako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi lazima ajue koleo jingine hupatikana wapi, na aende kulitafuta wakati ungalipo.